Mkoba wa kupashia betri joto: misimu miwili ya kurusha helikopta kwenye theluji

Nimekuwa nao misimu miwili ya baridi sasa. Ni mkoba mweusi, mkubwa kiasi cha sanduku la viatu, una zipu pande tatu, sponji nene ndani, kitambaa kisichoshika moto juu ya sponji, na bamba jembamba la kupasha joto limelazwa chini kabisa. Unachomeka waya wake kwenye soketi ya gari au kwenye betri yoyote ya volti 12, unachagua kiwango cha joto, unapanga betri zako ndani, unafunga. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Ila kati ya vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya helikopta za rimoti, na nimenunua vingi, hakuna kilichonisaidia kama hiki. Kabla yake nilikuwa napaki mashine kabatini baridi ikianza na kuitoa theluji ikishayeyuka. Siku hizi Januari ni mwezi ninaousubiri.

Ninachorusha ni helikopta ya umeme ya daraja la 500, mapanga ya milimita 425, betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 6, uwezo wake 3,300 mAh. Majira ya joto saa ya rimoti naitega dakika 5 na nusu. Ikilia natua, na betri inakuwa na akiba ya kutosha. Naeleza haya mapema kwa sababu thamani ya mkoba huu huwezi kuiona mpaka ujue kinachompata mtu asiyekuwa nao, na mimi kilinipata.

Ilikuwa asubuhi ya nyuzi 6 chini ya sifuri, hakuna upepo hata wa kutikisa jani, theluji imetandaa uwanjani bila alama ya mguu. Betri zilikuwa zimelala kwenye buti la gari usiku kucha. Nilikuwa nimezijaza jioni, kipimo kikasoma volti 25.2, yaani 4.2 kwa kila seli, na asubuhi ile zilisoma karibu vilevile. Hapo ndipo baridi inapomwingiza mtu mtegoni: betri iliyopoa, ukiipima imetulia, inaonekana nzima kabisa. Nikapaa, nikaelea usawa wa kichwa kwa sekunde 40 hivi, kila kitu shwari, kisha nikasukuma kijiti cha rimoti ipande kwa nguvu. Ilifika kama mita 12 sauti ikabadilika. Mtu aliyezoea rota yake, yaani mapanga yanayozunguka, anaijua sauti hiyo hata akiwa amefumba macho. Ule mvumo uliokaza ulilegea, ukashuka, kama mtu anayeishiwa pumzi akipanda mlima. Volti ilikuwa imeanguka chini ya kiwango nilichoweka, na kidhibiti cha mota kikapunguza nguvu ili kuilinda betri.

Nilikata mota kwa swichi ya usalama, nikashusha pembe ya mapanga ili hewa inayotoka chini iendelee kuyazungusha, na karibu na ardhi nikavuta pembe kuvunja kasi. Ilitua, lakini kwa kishindo. Miguu yake ya plastiki ilikatika yote miwili kama vijiti vikavu. Majira ya joto miguu ile ile huwa inapinda na kurudi, ila plastiki ikishapoa hivyo haipindi, inavunjika tu. Ncha ya panga moja ilimeguka. Nilipoichomoa betri ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kilichoniuma zaidi ni hiki: nilikaa nayo garini nusu saa joto likiwashwa, nikaipima tena, kila seli volti 4.1. Umeme wote ulikuwa bado mle ndani, umeshindwa kutoka tu.

Pale uwanjani kuna mzee mmoja anayerusha helikopta za injini, zile zinazotumia mafuta ya naitro. Aliisogelea mashine yangu, akaokota kipande cha mguu uliovunjika, akaniambia, "Mwanangu, usiilaumu mashine. Betri umeileta uwanjani bila nguo."

Alikuwa na haki. Ndani ya seli ya lipo umeme hutembea kwa sababu chembe za lithiamu zinahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kupitia kimiminika. Baridi ikiingia, safari hiyo inakuwa nzito, ukinzani wa ndani unapanda, na kila unapodai ampea nyingi volti inaporomoka hapo hapo. Ukielea taratibu huenda usihisi lolote. Ukidai nguvu ya ghafla unahisi mara moja.

Na helikopta huidai zaidi wakati wa baridi. Jambo hili sikulielewa kwa miaka mingi, nami naliona ndilo kiini cha shauri zima. Hewa baridi ni nzito. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 ina uzito wa kilo 1.16 hivi, ya nyuzi sifuri ina kilo 1.29, ya nyuzi 10 chini ya sifuri inafika kilo 1.34. Kwa rubani ni raha tupu: mapanga yanapata kitu cha kushika, mashine inaelea kwa pembe ndogo kuliko kawaida, inageuka ikiwa imekazana, na ukivuta kijiti inaruka kama imepigwa teke. Lakini mapanga yanayokata hewa nzito yanaikaza mota, mota inavuta ampea zaidi, na ampea hizo zinadaiwa kutoka kwa betri ambayo siku hiyo ndiyo dhaifu kuliko siku zote za mwaka. Kwa hiyo hali ya hewa inayoifurahisha rota ndiyo inayoitesa betri. Ukiipasha betri, unabaki na raha bila mateso.

Sasa mkoba wenyewe.

Mimi huanza kupasha nyumbani, betri zikiwa tayari zina joto la chumba, kwa sababu kuipandisha betri kutoka nyuzi 20 hadi 35 ni kazi ndogo sana kuliko kuitoa kwenye sifuri. Natoka nyumbani mkoba ukiwa umefungwa, nauchomeka kwenye gari, na nikifika uwanjani zimeshaiva. Kuna viwango vitatu vya joto: 30, 40 na 50. Natumia 40, na hiyo 50 sijawahi kuigusa wala sioni kwa nini imewekwa. Lipo haipaswi kukaribia nyuzi 60, na betri iliyojaa kabisa ikikaa muda mrefu kwenye joto kali inazeeka upesi. Napasha za siku hiyo tu, za kurushwa siku hiyo hiyo.

Mara ya kwanza kuufungua uwanjani naikumbuka vizuri. Ilikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, pumzi inatoka kama moshi, nimevua glavu ya kulia kwa ajili ya plagi. Nilifungua zipu kiasi cha mkono kupita, nikaingiza mkono, na betri niliyoshika ilikuwa na uvuguvugu wa kiganja cha mtoto aliyetoka usingizini. Niliishika kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha nikaivisha kipande cha sponji nyembamba nilichokikata kwa ajili yake, nikaisukuma mahali pake, nikachomeka. Ile cheche ndogo ya plagi, milio ya kidhibiti ikihesabu seli, moja hadi sita, na kimya. Nikaipeleka juu moja kwa moja, kwa pembe ile ile iliyoniangusha mwaka uliotangulia. Mvumo haukutikisika. Ilipanda mpaka ikawa kitu kidogo cheusi kwenye anga nyeupe, nikaigeuza, nikaishusha kichwachini, nikaikamata, nikaipandisha tena.

Daftari langu linasema hivi. Betri ile ile, mruko wa aina ile ile, hewa ya nyuzi 5 hadi 8 chini ya sifuri. Ikianza ikiwa na nyuzi 4, volti ya chini kabisa wakati wa kupanda ilikuwa 3.15 kwa seli, na nilitua baada ya dakika 3 na sekunde 10 kwa sababu niliogopa kuendelea. Ikianza na nyuzi 36, volti ya chini kabisa ilikuwa 3.52 na nilitua kwa kengele ya dakika 5 kamili. Haifiki muda wa majira ya joto, kwa kuwa hewa nzito inadai ada yake na upepo wa rota unaipoza betri njiani. Lakini betri inatoka mashineni ikiwa bado na joto la kustahimilika mkononi, maana yenyewe pia hujipasha kwa kufanya kazi. Ikianza vizuri inamaliza vizuri.

Kwa wanaouliza kuhusu gari: bamba linakula wati 40 hivi, yaani ampea 3 na kitu. Saa nzima ya kupasha ni ampea-saa 3 na nusu tu, na betri nzima ya gari haitaisikia. Ndani ya waya kuna kifaa kidogo kinachokata umeme chanzo kikishuka volti 11, nami nilikijaribu makusudi kwa betri chakavu, kikakata kweli. Hilo limenipa imani nao kuliko jambo jingine lolote.

Kasoro zake nazijua pia, na moja ni kubwa. Kipimajoto kimekaa juu ya bamba, hakigusi betri. Maana yake ni kwamba baada ya dakika 12 kioo kinaandika 40, taa inageuka kijani, na mtu anaamini kazi imekwisha. Siyo kweli. Ni bamba ndilo lenye 40. Niliingiza kipimajoto changu cha waya kati ya betri mbili zilizoanza zikiwa baridi, nikakuta nyuzi 17. Ilichukua dakika 38 hadi katikati ya betri pakafika 34. Aliyenunua mkoba huu, akafuata taa ya kijani, akarusha, atasema umemdanganya, na hatakuwa amekosea. Suluhisho langu ni kugeuza betri mara moja katikati ya muda, za chini ziende juu, na kuisahau taa kabisa. Ninahesabu dakika 40 kwenye saa ya mkononi. Mtengenezaji angeweka kihisio kwenye waya wa sentimita 10 tu, kasoro hii isingekuwepo.

Waya wa umeme nao ni mfupi. Unafika kutoka kwenye soketi ya gari hadi kiti cha mbele, basi. Ukitaka mkoba ukae kwenye meza ya uwanjani unahitaji waya wa kurefusha, na waya mwembamba hautafaa, maana unapoteza volti njiani na kile kifaa cha kukata kinadhani chanzo kimeisha. Na vishikio vya zipu ni vidogo kama punje, huwezi kuvikamata ukiwa na glavu. Nilifunga kipande cha kamba ya viatu kwenye kila kimoja, ikawa imekwisha.

La usalama silifanyii mzaha. Lipo ni lipo, hata ikiwa ndani ya kitambaa kisichoshika moto. Siuachi mkoba ukipasha bila mtu karibu, siufuniki kwa koti, na betri iliyovimba au iliyoanguka haiingii humo kamwe. Nimeona watu wanapasha betri kwa kuziweka juu ya dashibodi mbele ya tundu la hewa ya moto. Upande mmoja unaungua, mwingine uko baridi, na hujui kipo kipi.

Njia nyingine za kupasha nimezijaribu zote kabla ya hii. Mfuko wa ndani wa koti unazifaa betri ndogo za seli 3, zile za helikopta za kiganjani. Mwili unazipa joto la kutosha na hazikuelemei. Betri mbili za seli 6 ni zaidi ya kilo moja, zinaning'inia, na plagi zake zina ncha za chuma ambazo sitaki zigusane na funguo karibu na mbavu zangu. Sanduku la sponji lenye chupa ya maji moto ni zuri kweli, na asiye na soketi uwanjani aanzie hapo. Ubaya wake ni kwamba joto linashuka tangu dakika ya kwanza, na betri ya nne hupati kama ya kwanza. Vile vifuko vya unga wa chuma vya kupashia mikono ndivyo vilivyonikatisha tamaa. Vinapata joto kwa kuvuta hewa, na ukivifungia kwenye sanduku linaloziba vizuri vinalegea. Tena vinapasha seli iliyo karibu na kuziacha zilizo mbali, na betri yenye seli moja moto na tano baridi haina usawa. Ile baridi kuliko zote ndiyo inayoporomoka kwanza.

Watu wengi wananiuliza, kama joto ni jema kwa betri, kwa nini wasiiache helikopta nzima ndani ya gari lenye joto mpaka dakika ya kurusha. Hapana, na hapa mkoba umenisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia nilipoununua. Helikopta yenyewe inatakiwa ipoe. Jairo inayoituliza ina vihisio vinavyosumbuliwa na mabadiliko ya joto. Ukiitoa kwenye gari la nyuzi 22, ukachomeka betri hapo hapo, inajipima ikiwa na joto, kisha dakika mbili baadaye imepoa ikiwa angani, na unaona mkia unaanza kuteleza upande au mashine inainama bila wewe kuiambia. Mimi naiweka juu ya meza, nje, imezimwa, dakika 10 hadi 15. Inapoa mpaka inalingana na hewa. Ndipo natoa betri yenye joto mkobani, nachomeka, sigusi kitu mpaka jairo imalize kujipima, naruka. Mashine ipoe, betri ikae na joto. Zamani nilikuwa navitia vyote viwili mahali pamoja, na kwa hiyo kimoja siku zote kilikuwa kwenye hali mbaya.

Ikishapoa, iheshimu. Mipira iliyo ndani ya kichwa cha rota, ile inayoruhusu mapanga kunesa kidogo, inakakamaa. Grisi kwenye sevo, vile vimota vidogo vinavyobadilisha pembe ya mapanga, na kwenye beringi inakuwa nzito. Naiwasha kwa mizunguko ya chini kwanza, naelea usawa wa goti nusu dakika, nainamisha mbele na nyuma taratibu, naisikia ikilainika. Baada ya hapo tu ndipo naipeleka kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika. Wenye mkia unaozungushwa kwa mkanda wa mpira waangalie pia ukazo wake kukiwa baridi, siyo mezani nyumbani. Na hewa kavu ya baridi ina tabia ya kujenga umeme tuli kwenye mkanda huo, unaoruka kwenda kwenye vifaa na kuvishtua. Waya mwembamba kutoka kwenye bomba la mkia hadi kwenye fremu unaondoa tatizo.

Kila nikiushika mkoba huu namkumbuka Ingenuity, helikopta ndogo ya NASA iliyoruka Mars mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021. Ilikuwa na uzito wa kilo 1.8 tu, rota za upana wa mita 1.2, na betri ya seli 6 za lithiamu. Idadi ya seli ni kama ya kwangu. Usiku wa kule unafika nyuzi 90 chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya umeme wake haikutumika kuruka. Ilitumika kupasha betri na mitambo ili iamke asubuhi ikiwa hai. Iliruka mara 72 kwa jumla. Niliposoma hayo nilijisikia niko kwenye shughuli moja na watu wale, kila mmoja kwa kiwango chake, wote tukihangaika betri isipoe.

Niseme kidogo kuhusu mfuko wa mikono, kwa kuwa niliununua pamoja na mkoba. Huu unaivaa rimoti: unaingiza rimoti katikati, mikono pande mbili, na juu kuna dirisha la plastiki angavu unaloonea vijiti na kioo. Ndani una manyoya laini. Unafanya kazi. Kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri vidole vyangu vinadumu dakika 5 bila ganzi, na dakika 5 ndizo ninazohitaji. Bila mfuko, dakika ya tatu nilikuwa sijui tena kidole kiko wapi juu ya kijiti, na helikopta haimsamehe mtu asiyejua kidole chake kiko wapi. Wanaoshika vijiti kwa dole gumba na cha shahada watahitaji mfuko mrefu kwenda juu kuliko wanaotumia dole gumba peke yake, pima kabla.

Lakini mfuko niliopewa ulikuwa na ukingo wa ndani uliolegea, na siku ya kwanza ukingo huo ulinasa swichi ya kukata mota nilipokuwa naingiza mkono. Swichi ilikuwa upande salama na mota haikuwa imewashwa, ila nilisimama pale nikitazama mapanga nikijua ingekuwaje. Nilishona ukingo ule jioni hiyo hiyo kwa uzi mnene. Tangu siku hiyo, mikono inaingia mfukoni kabla mashine haijawashwa na haitoki mpaka rota isimame. Dirisha linaingia ukungu kutokana na jasho la mikono. Nalifuta kabla ya kila mruko. Na ukichagua wako, kwepa wenye bitana la karatasi ya fedha. Kitambaa cha kawaida mawimbi ya rimoti ya gigahatzi 2.4 yanakipita bila shida, ila karatasi yenye metali inayazuia, na hutaki kugundua hilo helikopta ikiwa mita 80 mbele yako.

Theluji yenyewe ina mambo yake. Ile laini kama unga inainuka yote ukitua, na kwa sekunde mbili huioni mashine. Mimi natandika ubao wa mita moja kwa moja na kupaa na kutua hapo. Kava yangu ya mbele ilikuwa nyeupe na buluu; nimeibadilisha ikawa ya rangi ya chungwa kali na nyeusi, kwa kuwa anga nyeupe juu ya ardhi nyeupe inaimeza rangi yoyote pole, na ukipoteza upande wa mashine umeipoteza mashine. Jua la msimu huu liko chini, linakuchoma machoni saa zote. Simama likiwa mgongoni.

Siku ikiisha mkoba bado una kazi moja, tena ukiwa umezimwa. Betri zilizotumika zinarudi humo bila umeme, zinapoa polepole ndani ya sponji, na nyumbani nazisubiri zifikie joto la chumba kabla ya kuzigusa na chaja. Kujaza lipo iliyo chini ya nyuzi sifuri kunagandisha lithiamu juu ya bamba la ndani la seli na kuiharibu moja kwa moja, hairudi. Helikopta naiziba kwenye begi lake nikiwa bado uwanjani, na begi linaingia ndani ya nyumba likiwa limefungwa, halifunguliwi kwa saa mbili. Ukiifungua mapema unyevu wa chumba unaganda juu ya kila kitu baridi, ikiwemo jairo na kidhibiti, na utaona vitone vya maji juu ya bodi kwa macho yako.

Ningeununua tena? Nimeshaagiza wa pili, mkubwa zaidi, wa betri sita, na nimewaandikia watengenezaji kuhusu ule waya wa kihisio. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya msimu wa baridi, nunua huu kabla ya mfuko wa mikono, kabla ya mapanga mapya, kabla ya betri zenye lebo ya ampea nyingi zaidi.

Yule mzee wa naitro aliutazama mkoba wangu msimu mzima wa kwanza bila kusema neno. Injini zake zina shida zao za baridi: anafungua sindano ya mafuta kidogo kwa sababu hewa nzito inaukausha mchanganyiko (hewa nyingi, mafuta machache), na kile kiwashio chake cha plagi ya moto kinakufa mapema, kwa kuwa nacho kina betri yake ndogo inayopoa mfukoni. Mwezi wa Desemba uliofuata alikuja mezani kwangu, akavuta ile kamba ya viatu, akafungua zipu, akakiweka kiwashio chake pembeni mwa betri zangu, akafunga. "Niazime kona, mwanangu," akasema. Sasa kona ile ni yake. Nikifika uwanjani kabla yake, naiacha wazi.